Kawaida ni Kama Sheria

Wahenga wetu walinena kwamba kawaida ni kama sheria. Maana yake ni kuwa jambo likishazoeleka na watu hutendwa bila ya amri, bila ya askari na bila ya faini. Na jambo lisilozoeleka, hata likiandikwa katika vitabu vya Serikali kwa wino mzito, hubakia humo vitabuni. Leo twapenda kulitafakari neno hilo pamoja na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, na pamoja na viongozi na watumishi wa Serikali, kwani twaona kuwa visiwa vyetu havina upungufu mkubwa wa sheria za kuyalinda mazingira. Upungufu wetu uko katika kawaida: zile desturi ndogo ndogo za jikoni, uani, sokoni na ofisini ambazo mtu huzitenda mara tano au kumi kwa siku pasipo kuzifikiria.

Sheria zipo. Mwaka 1996 Zanzibar ilitunga sheria ya usimamizi wa mazingira kwa maendeleo endelevu, na mwaka 2015 ikatunga nyingine mpya. Mwaka 2006 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, nasi katika hilo tulitangulia, kwani ndugu zetu wa Tanzania Bara waliifikia hatua hiyo Juni 1, 2019. Lakini ni nani kati yetu asiyeyajua yanayotokea masika yanapoingia? Maji ya mvua huteremka kwa nguvu, hukuta mitaro imezibwa kwa chupa, vikombe na karatasi za plastiki, kisha hupanda barabarani na kuingia majumbani mwa watu. Sheria ilipitishwa, na kawaida ya kutupa ovyo ikabakia pale pale.

Jambo hili si la usafi wa macho tu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Kwa muda wa miaka kumi, basi, tumeongezeka watu 586,204, na ardhi yetu haikuongezeka hata pima moja. Eneo la Unguja na Pemba kwa pamoja halifiki kilomita za mraba 3,000. Kila mmoja wa hao walioongezeka anahitaji maji ya kunywa, moto wa kupikia, kitoweo cha kulia na mahali pa kutupia taka zake. Penye nchi kavu pana, watu wakibanana husogea mbele; kisiwani anayesogea mbele hukutana na bahari. Kwa hiyo swali la namna tunavyoishi kila siku ni swali la kama wajukuu wetu watapata maji matamu katika visima hivi tunavyovichota sisi.

DHIKI HAIFUNZI ADA

Wapo wanaodhani kwamba watu watabadilika wenyewe pindi wakibanwa. Historia yetu ya karibuni haikubaliani na rai hiyo. Umeme wa Unguja huletwa kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme huo ulikatika, na kisiwa kikakaa kizani kwa muda wa karibu mwezi mzima. Disemba 10, 2009 ukakatika tena, na mara hii kiza kiliendelea hadi Machi 2010, yaani miezi 3. Na kwa kuwa maji yetu mengi huvutwa kutoka chini ya ardhi kwa pampu za umeme, mifereji nayo ikakauka.

Katika siku zile tulijifunza mengi kwa haraka. Maji yaliyooshea mchele yaliwekwa yakaoshea vyombo, na yaliyooshea vyombo yakamwagiwa chooni. Chakula kilipikwa cha kutosha mlo mmoja, kwa sababu hapakuwa na friji la kuwekea kiporo. Visima vya zamani vilikumbukwa. Mtu angetazamia kuwa baada ya shule ngumu kama ile, tungehitimu sote. Haikuwa hivyo. Umeme uliporudi, na hasa mwaka 2013 ulipowekwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, tulifungua mikono kama waliotoka kifungoni. Taa zikawaka mchana, mifereji ikaachwa wazi, na ndoo zikarudishwa ghalani.

Somo tulipatalo hapa ni kuwa dhiki humlazimisha mtu kutenda lakini haimzoeshi. Ikiondoka huondoka na matendo yake. Ada njema hujengwa wakati wa neema, mtu akiwa na hiari ya kufanya kinyume chake, na hujengwa kwa kurudiwa.

Basi ada hujengwaje? Kwa kuangalia mambo yaliyofaulu na yaliyoshindwa katika nchi yetu, twaona masharti matatu. La kwanza, jambo jipya lishikizwe kwenye jambo la zamani ambalo mtu hulifanya kila siku, kama vile kutia udhu, kwenda sokoni au kuinjika chungu. La pili, chombo cha kufanyia jambo hilo kiwe karibu, kwa sababu mkono hufuata kilicho karibu nao. La tatu, jambo hilo litendwe na wengi kwa kuonana, ili kila mmoja awe shahidi wa mwenzake.

Sharti hili la tatu lilijaribiwa kwa upana mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya katika Tanzania Bara. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika makundi ya kusikiliza redio. Kila kundi lilikutana, likasikiliza kipindi, likasoma kijitabu chake, likajadiliana, kisha likaamua lifanye nini kijijini mwake: kuchimba vyoo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Kipindi cha redio peke yake kingesahauliwa jioni ile ile. Kilichoyafanya maneno yawe kazi ni kule kukaa pamoja na kuahidiana mbele ya majirani.

MAJI YA KIBABA KIMOJA

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo roho ya kisiwa. Yafaa kila mtu ajue maji yetu yanatoka wapi. Mvua inyeshapo juu ya visiwa vyetu, sehemu yake huzama katika mawe ya chokaa yenye vitundu na kukaa chini kwa chini, ikielea juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Tukichota kwa kiasi, mvua hurudisha tulichokichota. Tukivuta kupita kiasi, hasa karibu na pwani, yale matamu hupungua na ya chumvi hupanda kuchukua nafasi yake. Kisima kikishaingia chumvi si kazi ya siku moja kukirudisha. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, penye maweni, wako watu wanaolijua jambo hili kwa ndimi zao.

Sasa natutazame ada moja tuliyo nayo tayari. Wengi katika sisi tunatia udhu mara tano kwa siku. Tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na akioga kwa pishi moja, au ikizidi, kwa mudi tano. Tumefundishwa pia kwamba israfu ya maji yakatazwa hata kwa mtu aliye ukingoni mwa mto unaopita. Mudi hiyo ni kujaa kwa viganja viwili vya mtu wa wastani, wala haifiki lita moja. Wazee wetu waliifananisha na kibaba, na vibaba vinne hufanya pishi, ile ile tunayoipimia fitri kila unapokwisha mfungo wa Ramadhani.

Tufanye hesabu. Tuseme mfereji hutoa lita 6 kwa dakika, na mtu anatawadha kwa dakika 2 mfereji ukiwa wazi. Amemwaga lita 12, na kwa sala tano ni lita 60. Mwenzake ametia udhu kwa kopo la lita 2, ambalo ni zaidi ya mara mbili ya kile kipimo cha kibaba, na kwa kutwa nzima ametumia lita 10. Tofauti yao ni lita 50 kwa siku. Nyumba yenye watu wazima watano itaokoa lita 250, yaani pipa zima na ziada, pasipo mtu yeyote kuona kiu na pasipo sala ya mtu kupungua. Kinachotakiwa ni kopo tu. Na kopo hilo likiwekwa msikitini kando ya kila mfereji, na imamu akalitumia yeye mwanzo, masharti yote matatu tuliyoyataja yametimia: ada ya zamani ipo, chombo ki karibu, na mashahidi wamejipanga safu.

Kuna maji mengine ambayo hatulazimiki kuyavuta kutoka ardhini hata kidogo, nayo ni yale yanayotoka mbinguni. Mvua ya milimita moja inayoanguka juu ya mita moja ya mraba ni sawasawa na lita moja ya maji. Nyumba ndogo yenye bati la mita za mraba 50, ikipata mvua moja ya masika ya milimita 20, hupitisha juu ya bati lake lita 1,000, nazo ni mapipa matano. Aghalabu tunaziacha zikaporomoka barazani, zikachimba uwanja na kukimbilia mtaroni, kisha kesho yake tunapanga foleni na madumu. Zamani majumba mengi na misikiti ilikuwa na mabirika ya kuhifadhia maji. Siku hizi mfereji mmoja wa bati chini ya paa, pamoja na pipa lenye funiko, hufanya kazi hiyo hiyo. Maji ya mvua ya mwanzo yaachwe yasafishe paa, na pipa lifunikwe vyema ili mbu wasizae humo. Maji hayo yatafulia nguo, yataoshea vyombo na yatanyweshea mboga, na yale ya kisimani yatabakia kwa kunywa.

Asemaye kuwa hayo ni mambo ya maskini na avuke hadi kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wetu, ambacho miamba yake ilianza kuhifadhiwa kwa amri ya Serikali mwaka 1994. Nyumba za wageni za pale hukinga mvua kwenye mabirika yaliyo chini yake, huwaka taa kwa nguvu za jua, na vyoo vyake havitumii maji. Wageni kutoka nchi tajiri hulipa fedha nyingi kuishi kwa ada hizo.

CHUNGU, KIKAPU NA JAA

Tuingie jikoni. Makaa na kuni tunazozipikia, sehemu yake hukatwa katika vichaka vya maweni na katika mikoko yetu wenyewe, na sehemu nyingine huvuka bahari kutoka Bara. Kila gunia ni miti iliyokuwa imesimama mahali. Jozani na Ghuba ya Chwaka, ambapo kima punju huishi, pamefanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na Pemba ina msitu wake wa Ngezi. Lakini hifadhi haiwezi kuhimili iwapo kila jiko linalowashwa nje yake linaelekeza shoka ndani yake. Bandu bandu huisha gogo.

Mwenye uwezo wa kupikia gesi au umeme na afanye hivyo, na Serikali iendelee kupunguza gharama zake. Lakini hata anayepikia makaa anazo njia za kupunguza safari zake kwa muuza makaa, nazo hazimgharimu senti. Mbaazi, kunde na maharage yakilowekwa usiku hupikika kwa moto mchache zaidi kuliko yakiinjikwa makavu. Chungu kikifunikwa huchemka upesi kuliko kilichoachwa wazi. Makaa yaliyosalia chakula kikishaiva yakizimwa, badala ya kuachwa yafe yenyewe kwenye jiko, ni makaa ya kesho. Na vifuu, makumbi na makarara ambayo minazi hutuangushia bure si taka hata kidogo. Bibi zetu walipikia hivyo, na wali wao wa nazi hatujasikia mtu akiulalamikia.

Kutoka jikoni twende sokoni. Si zamani sana mtu alikwenda Darajani na kikapu chake cha ukili, akarudi na muhogo ndani yake na mtungo wa samaki mkononi. Mwenye mzigo mkubwa alifumiwa pakacha kwa makuti mabichi, na pakacha hilo likimaliza kazi yake lilitupwa jaani likaoza. Tulipoipokea mifuko ya plastiki tuliona tumepata wepesi, na tulipoipiga marufuku tuliona tumemaliza kazi. Ukweli ni kwamba mfuko uliondoka ukaacha nafasi yake wazi, na mahali palipo wazi huingia chochote: vifuko vyepesi vya kufungia, vikombe vya kutupa, chupa ndogo za maji. Nafasi ile ilikuwa ni ya kikapu, na hatukukirudisha. Mahali pa kikapu ni nyuma ya mlango wa mbele, pale pale mtu anapovaa viatu vyake. Kikiwekwa stoo juu ya kabati, kitasahauliwa. Kikitundikwa mlangoni, kitachukuliwa. Wasukaji wa ukili wapo, Makunduchi wapo na Pemba wapo, na kikapu kimoja kizuri hushinda mamia ya vifuko. Kila shilingi anayoilipa mnunuzi kwa msukaji hubakia kisiwani.

Na tusiogope kuzungumzia jaa. Jaa la wazee wetu lilikuwa na maganda ya ndizi na muhogo, majani ya migomba, majivu, magamba ya samaki na pakacha kuukuu. Masika yakipita lilikuwa ni udongo mweusi, na mnazi au mpapai uliopandwa kando yake ulizaa kuliko mingine yote. Jaa la leo limechanganywa na vitu visivyooza, na kwa sababu hiyo hata vile viozavyo havitufai tena. Vyote huzolewa pamoja, hupakiwa magarini na kupelekwa jaa kuu la Kibele, kama havikuishia mtaroni. Gari hulipiwa mafuta ili likatupe mbali mbolea ambayo mkulima wa maweni, mwenye udongo haba juu ya mawe, angeipokea kwa mikono miwili.

Dawa yake ni ndoo mbili. Moja ya vile viozavyo na nyingine ya visivyooza, na zote ziwekwe jikoni, mahali maganda yanapomenywa. Vinavyooza vichimbiwe shimo uani au vikusanywe kwa shehia nzima viwe mboji. Visivyooza vitakuwa vichache, vikavu na visivyonuka, na mnunuzi wa chupa na vyuma chakavu ataweza kuvichagua. Sisi tuliokumbwa na kipindupindu mwaka 2015 na 2016 hatuna haja ya kuelezwa tena kwamba uchafu uliotuama ukikutana na maji ya mvua mwisho wake huwa kitandani hospitalini.

WAVUVI WAMETANGULIA

Isije ikadhaniwa kwamba twaomba jambo lisilowezekana. Wako wenzetu ambao wamekwisha kulifanya, tena katika jambo zito kuliko kikapu. Huko Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wanakijiji walikubaliana tangu mwaka 2016 kufunga sehemu ya mwamba wao wa pweza kwa muda wa miezi kadhaa, kisha kuufungua kwa pamoja siku maalumu. Pweza maisha yake ni mafupi lakini hukua kwa kasi sana, na aliyeachwa miezi michache humpa mvuvi uzito mkubwa kuliko angalimchokoa akiwa mdogo. Mbinu hiyo imefuatwa pia katika vijiji vingine vya Unguja na Pemba.

Na tuyatazame masharti yetu pale. Mwamba umewekewa mipaka inayojulikana. Siku ya kufunga na ya kufungua zinajulikana. Walinzi ni wanakijiji wenyewe, wanaume kwa wanawake, na mwenye kuiba pweza huwa ameiba cha jirani yake anayemwona kila alfajiri. Kisiwani Misali nako, ambako hifadhi ilianzishwa mwaka 1998, mafundisho ya dini juu ya uamana wa binadamu kwa viumbe yaliingizwa katika kazi ya kuwaelimisha wavuvi, na yakagusa nyoyo ambazo tangazo la sheria peke yake halikuwahi kuzigusa. Aliyetoka pale akiona kuwa kuharibu mwamba ni dhambi, hahitaji boti ya doria kumkumbusha.

Mvuvi ambaye leo hana cha kuwapa watoto wake akikubali kuuacha mwamba upumzike, je, sisi wenye mshahara wa mwezi tutashindwa kufunga mfereji?

MWENYE KUTUMIA SANA NDIYE AANZE

Hapa kuna watakaotuuliza swali la haki, na swali lao lina uzito. Watasema: mnamhubiria nani? Mama wa Micheweni anayejitwisha ndoo kichwani, huyo keshajua thamani ya tone la maji tangu utotoni. Mkaazi wa Ng'ambo ambaye mfereji wake hutoa hewa siku nne na maji siku moja, hana cha kubania. Iwapo kuna israfu, iko kwenye mabwawa ya kuogelea na bustani za mahoteli, na iko kwenye majumba ya Serikali na ya wakubwa.

Twakubaliana nao, tena bila ya kusitasita. Kumhimiza anayekosa ajibane zaidi ni kumdhulumu mara mbili. Wito wetu, basi, unakwenda kwa kadiri ya matumizi ya kila mtu, na anayetumia sana ndiye wa kuanza. Hoteli inayochota maji katika kisima kimoja na kijiji haina budi kupima inachochota, kukinga mvua inayoangukia mapaa yake mapana, na kuyatumia tena maji ya kuogea kwa kunyweshea bustani. Chumbe imeonyesha kuwa yawezekana. Na vyombo vya Serikali vinavyohusika na maji na mazingira visisubiri malalamiko ya wanakijiji ndipo viende kupima chumvi visimani.

Ama maofisini, tunaomba radhi kwa kusema wazi. Kiyoyozi kinachonguruma huku madirisha yako wazi; gari la ofisi linalowaka nusu saa nzima kumsubiri mkubwa aliye mkutanoni; mkutano wenyewe, pengine wa kuzungumzia mazingira, ambao kila mjumbe amewekewa chupa mbili ndogo za maji na kuondoka amekunywa nusu ya moja; mfereji wa choo cha ofisi uvujao tangu mwaka jana kwa kuwa hakuna aliyeandika barua: hizo nazo ni kawaida, na raia wanaokuja kufuata huduma huziona. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na raia naye hulelewa na anayoyaona kwa wakubwa wake kuliko anayoyasikia kwao. Jagi la maji na bilauri mezani havipunguzi heshima ya mkutano wowote. Fundi aitwe siku ile ile mfereji unapoanza kuvuja. Hayo hayahitaji bajeti mpya wala mfadhili kutoka ng'ambo.

TUNACHOSHAURI

Mshika mawili moja humponyoka. Kampeni nyingi zimeshindwa kwa sababu zilitaka watu wabadilishe mambo kumi katika wiki moja, zikazinduliwa kwa ngoma na fulana, kisha zikafa na fulana zikageuka matambara. Twashauri kwamba tuyafuate majira yetu wenyewe, na kila majira yapewe ada moja tu, ifanyiwe kazi katika kila shehia mpaka ikae.

Masika yawe ni majira ya kukinga maji: mfereji wa bati na pipa kwa kila nyumba iwezayo, na skuli na misikiti ianze. Kipupwe, ardhi ikiwa bado na unyevu na jua si kali, yawe ni majira ya ndoo mbili na shimo la mboji. Vuli yawe ni majira ya kupanda, iwe mikoko pwani, miembe na mifenesi uani, au miti ya kuni katika mashamba yasiyotumika. Na anayepanda aandikwe jina, ili mwakani aulizwe mti wake, kwani mti uliopandwa siku ya sherehe na usionyweshewa ni kijiti tu. Kaskazi, joto linapozidi na umeme ukatumika kwa wingi, yawe ni majira ya kujifunza upya kufungua madirisha wakati wa upepo, kupanda kivuli upande wa magharibi wa nyumba, na kuzima kisichotumika. Mwaka ukirudi, ada ya masika haianzi upya. Inakutwa ipo, na juu yake huongezwa nyingine.

Masheha wapewe kazi hii pamoja na uwezo wa kuifanya. Walimu wapewe nafasi, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto aliyezoea kubeba kikapu hataona haya kukibeba akiwa waziri. Maimamu na viongozi wa dini nyingine waombwe, kwani waumini huwasikiliza kila wiki. Nasi wa magazeti na redio tusiishie kutangaza uzinduzi. Turudi baada ya miezi sita tukatazame kilichosalia.

Na Serikali inapokuja kupima mafanikio yake mwisho wa mwaka, isihesabu semina zilizofanywa wala mabango yaliyotundikwa. Na iwatume maofisa wake waingie mtaani wakahesabu ni nyumba ngapi zina pipa chini ya bati, ni misikiti mingapi ina makopo kando ya mifereji, na ni milango mingapi yenye kikapu nyuma yake. Idadi hiyo ikipanda mwaka hadi mwaka, hata sheria ya mwaka 2015 itakuwa imepata watu wa kuitii.